Kwa nini 1933 na si 1923? Jibu kwa mwanafunzi anayeandika insha ya Weimar

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nipo mwaka wa pili, shahada ya historia, na semista hii tunasoma historia ya siasa na jamii ya Ulaya karne ya 20. Niliandika insha ya maneno 2,500 juu ya swali "Kwa nini Jamhuri ya Weimar (Ujerumani ya 1919 hadi 1933) ilianguka?" Nilitoa sababu saba: Mkataba wa Versailles, mfumuko wa bei, mfumo wa uchaguzi, ibara ya 48 ya katiba, mdororo wa uchumi, propaganda ya Wanazi, na ugomvi kati ya Wasoshalisti na Wakomunisti. Nimepata 48 kwa 100, na mhadhiri ameandika pembeni: "Unasimulia, huchambui." Ameniruhusu kuirudia ndani ya wiki tatu. Kijerumani sikijui. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Maneno hayo ya pembeni wanafunzi wengi huandikiwa, na ni mafupi mno kumsaidia mtu. Maana yake ni hii: sababu zako saba zote zina ukweli ndani yake, lakini umezipanga kama magunia ghalani, moja juu ya jingine, bila kuonyesha lipi limebeba lipi. Msomaji akiondoa gunia moja, insha inabaki vilevile. Alama zako zilipotelea hapo.

Chukua karatasi. Andika sababu zako saba, kila moja na mstari wake, na mbele yake andika ilianza lini kuuma na iliacha lini. Kisha iulize kila moja: kama ni wewe, kwa nini jamhuri haikufa mwaka 1923? Sababu ambayo haiwezi kujibu swali hilo haifutwi, ila inashushwa cheo.

Tuanze na mfumuko wa bei, maana ndio unaowaponza wengi. Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki trilioni 4.2. Mwezi huohuo, tarehe 8 na 9, Hitler alijaribu kupindua serikali akianzia Munich, akashindwa na kukamatwa. Katikati ya mwezi ikaja sarafu mpya, Rentenmark, na bei zikatulia. Uchaguzi wa Mei 1928 ulipofika, chama cha Nazi kilipata asilimia 2.6 ya kura. Sasa fikiria: kama marki iliyokufa ndiyo iliyomleta Hitler, mbona miaka minne na nusu baadaye wapiga kura 97 kati ya 100 hawakumtaka? Tena mwaka 1932 bei Ujerumani zilikuwa zinashuka, hazipandi. Serikali ya Kansela Brüning ilikuwa inakata mishahara na matumizi kwa makusudi. Anayeandika kwamba Wajerumani walimchagua Hitler kwa sababu pesa yao ilikuwa karatasi tupu anachanganya shida mbili zilizopishana miaka tisa.

Je, uutupe mfumuko wa bei? Hapana, ila uupe kazi yake halisi. Uliwanyang'anya watu wa tabaka la kati akiba zao, na wengi wao wakavihama vyama vya kiliberali wakaenda kwenye vyama vidogo vya maslahi. Mwaka 1928 Chama cha Uchumi, cha wenye maduka na wenye nyumba, kilipata asilimia 4.5, zaidi ya Wanazi. Hao walikuwa wameshang'oka kwenye vyama vyao vya zamani kabla Wanazi hawajawafikia. Ukiandika hivyo umeonyesha mnyororo: akiba ikapotea, chama cha zamani kikaachwa, na mdororo ulipokuja mtu hakuwa na pa kurudi. Huo ni uchambuzi.

Versailles nao upimwe hivyohivyo. Mkataba huo wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919. Ibara yake ya 231 ndiyo ya lawama ya vita. Ibara ya 119 ndiyo iliyoinyang'anya Ujerumani makoloni yake, ndipo Tanganyika ikaenda kwa Waingereza na Ruanda-Urundi kwa Wabelgiji. Chuki dhidi ya mkataba ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na karibu vyama vyote, vya kushoto na vya kulia, viliupinga. Kitu kilichokuwepo muda wote, na kilichowagusa wote, hakiwezi peke yake kueleza mabadiliko ya ghafla ya miaka mitatu. Kwa upande wa fidia za vita ambazo Ujerumani ilitakiwa kulipa, mpango wa Dawes wa 1924 ulipunguza makali, na mkutano wa Lausanne wa 1932 ulizimaliza kwa vitendo, miezi kadhaa kabla Hitler hajaingia madarakani.

Mfumo wa uchaguzi nitaupita haraka. Ulikuwa wa uwiano, kura 60,000 kwa kiti kimoja, na ulikuwa uleule katika miaka ya utulivu. Kuulaumu bila kusema mfumo mwingine ungeleta nini ni kupoteza aya. Kumbuka kwamba katika mfumo wa jimbo moja mbunge mmoja, chama chenye asilimia 37 mbele ya wapinzani waliogawanyika kingeweza kuvuna viti vingi zaidi, si vichache.

Mdororo wa uchumi ndio unaofaulu vizuri kuliko zote, lakini si kwa alama zote. Wasio na kazi walioandikishwa walikuwa karibu milioni 3 wakati wa uchaguzi wa Septemba 1930, na wakapita milioni 6 mwanzoni mwa 1932. Kura za Nazi zinapanda nayo: asilimia 18.3 Septemba 1930, 37.3 Julai 1932. Hata hivyo Marekani na Uingereza nazo zilikuwa na mamilioni wasio na kazi na bunge halikufa. Kwa hiyo mdororo unaeleza hasira. Hauelezi kwa nini hasira ile ilipita kwenye mlango ule.

Sasa hatua ambayo nadhani itakupandisha zaidi ya zote. Swali ulilopewa lina maswali mawili ndani yake, nawe umeyajibu kama moja. La kwanza: kwa nini utawala wa bunge uliacha kufanya kazi? Tarehe yake ni 1930. La pili: kwa nini aliyepewa nchi alikuwa Hitler? Tarehe yake ni Januari 1933. Wahusika ni tofauti na sababu ni tofauti.

Tazama la kwanza kwa karibu. Tarehe 27 Machi 1930 serikali ya mseto ya Hermann Müller wa SPD (chama cha Wasoshalisti) ilivunjika kwa ugomvi wa michango ya bima ya ukosefu wa ajira. Rais Hindenburg na washauri wake, hasa Jenerali Schleicher wa jeshi, walikuwa tayari na mtu wao, Brüning, wa kuunda serikali isiyotegemea wingi bungeni. Julai bunge likaukataa mpango wake wa fedha. Ukatolewa kama amri ya dharura ya Rais kwa ibara ya 48. Hapa wengi huishia kuandika "ibara ya 48 ilimpa Rais nguvu za kidikteta" na kusonga mbele. Isome yenyewe. Fungu lake la tatu linamtaka Rais alijulishe bunge mara moja, na bunge likidai, amri inafutwa. Bunge likadai hivyo tarehe 18 Julai 1930, kama katiba ilivyosema. Jibu la Rais likawa ibara nyingine, ya 25: akalivunja bunge siku ileile. Ibara hiyo ilidai uchaguzi ndani ya siku 60. Ulifanyika 14 Septemba, siku ya 58. Katikati, tarehe 26 Julai, amri ikatolewa upya, hakukuwa na bunge la kuifuta. Kwa hiyo ibara ya 48 peke yake haikuwa upanga; iliua ilipounganishwa na ya 25.

Hesabu ya sheria inaonyesha matokeo. Mwaka 1930 bunge lilipitisha sheria 98. Mwaka 1932 lilipitisha 5, na amri za dharura zilikuwa zaidi ya 50. Tia mstari chini ya jambo hili katika insha yako: uamuzi wa kulikwepa bunge ulifanywa mwezi Machi 1930, wakati Wanazi wana viti 12 tu. Viti 107 walivipata kwenye uchaguzi ambao ule uvunjaji wa bunge ndio ulioulazimisha.

Swali la pili nalo lina tarehe inayosumbua maelezo mepesi. Wanafunzi huandika kwamba Hitler alichaguliwa. Hakuchaguliwa, aliteuliwa. Aprili 1932 aligombea urais akapata asilimia 36.8 katika duru ya pili, Hindenburg akapata 53. Julai chama chake kikapata viti 230 kati ya 608. Novemba 1932 kikashuka: asilimia 33.1, viti 196, kura milioni mbili zimepotea. Miezi mitatu haijatimia, tarehe 30 Januari 1933, akaapishwa kuwa Kansela. Aliupata ukansela chama chake kinashuka. Kama hoja yako ni propaganda na wimbi la kura, Novemba 1932 inakukwama kooni. Inabidi uwaingize watu waliomfungulia mlango: Papen, kansela wa zamani, aliyetaka kumwondoa Schleicher aliyekuwa ameshika ukansela, wahafidhina waliodhani baraza la mawaziri lenye Wanazi watatu tu (Hitler, Frick na Göring) lingemdhibiti, na rais mzee aliyekubali. Kura zilimfanya Hitler asiweze kupuuzwa. Uteuzi ulifanywa na watu wachache.

Ugomvi wa SPD na KPD (chama cha Wakomunisti) unauweka wapi? Chini ya swali la pili, na kwa kipimo. Novemba 1932 vyama hivyo viwili vilikuwa na viti 221 pamoja, Wanazi 196. Kwa hiyo utengano wao ulikuwa na uzito kweli. Ila Wakomunisti hawakuwa wanaitetea jamhuri: tarehe 12 Septemba 1932 walipiga kura upande mmoja na Wanazi kumwangusha Papen, kansela wa wakati huo, 512 kwa 42. Usiandike kana kwamba walikuwa ndugu wawili waliokosa tu kupeana mkono.

Kozi yako inasema siasa na jamii, na insha yako haina jamii ndani yake. "Wajerumani" si mtu mmoja. Julai 1932 karibu 63 kati ya kila wapiga kura 100 hawakuwapigia Wanazi. Linganisha majimbo mawili ya uchaguzi. Schleswig-Holstein, kaskazini, nchi ya wakulima wa Kiprotestanti: Wanazi walipata asilimia 4 mwaka 1928, 27 mwaka 1930, 51 Julai 1932. Köln-Aachen, magharibi, yenye Wakatoliki wengi: Julai 1932 walipata karibu asilimia 20. Mdororo uliwapiga wote wawili. Tofauti ni kwamba Mkatoliki alikuwa na Chama cha Kati, parokia, chama cha vijana na gazeti, vyote vikimshika mkono, na kura za Chama cha Kati pamoja na ndugu yake wa Bavaria zilibaki karibu asilimia 15 katikati ya dhoruba yote. Mkulima wa Schleswig-Holstein alikuwa na madeni, bei mbaya ya mifugo, na chama cha kihafidhina alichoona kimemtupa. Na angalia tarehe: maandamano makubwa ya wakulima huko yalikuwa Januari 1928, kabla ya soko la hisa la New York kuanguka. Hilo peke yake linaweza kukuzalia aya nzuri kuliko kurasa tatu za "mdororo ulileta umaskini."

Kuna mtego hapa. Ukiona wilaya yenye wasio na kazi wengi ina kura nyingi za Nazi, usihitimishe kwamba wasio na kazi ndio waliowapigia. Chukua mfano wa kubuni. Wilaya A ina wapiga kura 100, 30 hawana kazi. Wilaya B ina 100, 10 hawana kazi. A inawapa Wanazi kura 40, B inawapa 30. Inaonekana wazi, sivyo? Lakini yawezekana A ni wasio na kazi 6 na wenye kazi 34, na B ni 2 na 28. Basi katika wilaya zote mbili asiye na kazi anawapigia kwa asilimia 20 tu. Aliyebadilika ni mwenye duka jirani, anayeona foleni ya wasio na kazi na kuogopa kuwa wa kesho. Utafiti wa takwimu wa Jürgen Falter, uliochapishwa 1991, ulionyesha jambo la namna hiyo: wasio na kazi, hasa wafanyakazi wa viwandani, walielekea zaidi kwa Wakomunisti. Wanazi walivuna kwa Waprotestanti, vijijini na kwa wenye kujitegemea, ingawa walipata pia wafanyakazi wasio wachache.

Jinsi ya kuwatumia wanahistoria. Usiwaite kama mashahidi wa kukubaliana nawe mwishoni mwa aya. Mwite mmoja ubishane naye. Kwa mada hii anafaa Knut Borchardt, aliyedai mwaka 1979 kwamba Brüning hakuwa na njia nyingine: mikopo ya nje haikupatikana, kuchapisha fedha kuliwatia watu hofu ya 1923, na mishahara ilikuwa juu kuliko uchumi ulivyoweza kubeba. Wapo waliompinga wakisema njia zilikuwepo, Brüning hakuzitaka kwa sababu alitanguliza kumaliza fidia. Chagua upande na useme kwa nini. Ukiufuata huu mjadala, mfumuko wa bei unarudi kwenye insha kwa mlango ulio sahihi: kama kumbukumbu iliyofunga mikono ya serikali ya 1931.

Kuhusu Kijerumani, usihofu kwa ngazi yako. Taasisi ya Historia ya Ujerumani iliyoko Washington ina mkusanyiko wa nyaraka mtandaoni, bure, zikiwa na tafsiri ya Kiingereza. Mkataba wa Versailles wote uko kwenye mkusanyiko wa Avalon wa Chuo Kikuu cha Yale. Mijadala ya Reichstag, yaani bunge la Ujerumani, imewekwa mtandaoni na Maktaba ya Jimbo la Bavaria. Ni ya Kijerumani, ila matokeo ya kura ni tarakimu, na tarakimu unazisoma. Tumia nyaraka mbili au tatu tu, lakini uzifungue kabisa. Mfano: weka amri ya 28 Februari 1933, iliyotolewa siku moja baada ya Reichstag kuungua, kando ya ibara ya 48. Amri inasimamisha ibara za 114, 115, 117, 118, 123, 124 na 153. Ni zilezile saba ambazo ibara ya 48 iliruhusu zisimamishwe, wala haikuongezwa hata moja. Uhuru wa mtu, wa nyumba yake, barua zake, maneno yake, mikutano, vyama na mali viliondolewa kwa njia ambayo katiba yenyewe ilikuwa imeichora. Kitu cha namna hii huoni mpaka uziweke karatasi mbili mezani pamoja.

Mfano wa pili ni kura ya Sheria ya Uwezeshaji, iliyoipa serikali ya Hitler uwezo wa kutunga sheria bila bunge, 23 Machi 1933: 444 ndiyo, 94 hapana, zote za hapana za SPD. Vitabu vingi vya shule husema ilipita kwa sababu wabunge wa Kikomunisti walikuwa wamekamatwa. Piga hesabu. Viti vyote vilikuwa 647. Sheria ya kubadili katiba ilihitaji theluthi mbili; bunge likiwa kamili, hiyo ni kura 432. Kura 444 zingetosha hata kama Wakomunisti wote 81 na wale wa SPD 26 waliokosekana wangekuwepo na kusema hapana. Katika bunge hilohilo kamili, ondoa Chama cha Kati, viti zaidi ya 70: zinabaki takriban 370, chini ya 432, na sheria inaanguka. Basi swali lako linahama kutoka kwa waliofungwa kwenda kwa walioketi wakakubali, wakizungukwa na SA, wanamgambo wa Kinazi, ukumbini. Hofu ilifanya kazi, ila kupitia wao.

Wiki zako tatu zigawe hivi. Wiki ya kwanza kusoma tu: vitabu au makala sita hadi nane, na kila kitabu anza na utangulizi na hitimisho, kisha faharasa ikupeleke kwenye kurasa unazozihitaji. Kila unachonukuu kiandike na alama za kunukuu na namba ya ukurasa papo hapo, maana wizi wa kitaaluma mwingi huanzia kwenye daftari ambalo mwenyewe hawezi kutofautisha maneno yake na ya mwandishi. Wiki ya pili tengeneza jedwali la chaguzi na jedwali la tarehe za sababu, kisha andika hoja kuu kwa sentensi mbili. Kama hazitoshi sentensi mbili, bado hujaijua. Andika rasimu siku tatu za mwisho wa wiki hiyo: maneno 200 ya utangulizi, 900 kwa swali la kwanza, 900 kwa la pili, 350 kwa jamii na majimbo, 150 ya kufunga.

Wiki ya tatu ni ya kurekebisha, na kipimo ni hiki: soma sentensi ya kwanza ya kila aya tu, ukiruka zilizobaki. Zikianza "Mwaka 1923...", "Mwaka 1929...", unasimulia. Badala ya "Mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka na watu wengi Ujerumani wakakosa kazi", andika "Mdororo haukuliua bunge, bali uliwapa waliokwisha kuamua kuliweka kando kisingizio walichokuwa wakikisubiri." Sentensi ya pili mtu anaweza kuipinga, kwa hiyo inakulazimisha ulete ushahidi. Vilevile hakikisha hujachanganya serikali ya Ujerumani na ya Prussia, jimbo lake kubwa kuliko yote: SPD iliendelea kuongoza Prussia mpaka Papen alipoing'oa tarehe 20 Julai 1932, na anayejua hilo huonekana mara moja amesoma.

Na kwenye mtihani, swali likibadilika likawa Italia, njia ni hiyohiyo. Mussolini aliitwa kuunda serikali Oktoba 1922 akiwa na wabunge wa Kifashisti wapatao 35 kati ya 535. Sheria ya Acerbo, iliyokipa chama kinachoongoza kwa angalau asilimia 25 theluthi mbili ya viti, ilikuja 1923, yeye tayari yuko madarakani. Anayeanza jibu lake na sheria hiyo kama sababu ya kupanda kwake ameshateleza kwenye tarehe.